Ile -u ya «kitabu» haikutoka Babeli: nakosoa TFC yangu mwenyewe



Leo sileti tangazo la kazi wala la bursa. Niko na deni, na nimeona nililipe hapa hapa, juu hapa njo watu wengi walisoma kazi yangu.

Wiki tatu zimepita, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho aliniandikia usiku, saa ile intaneti inakuwa ya bei ndogo: «Yaya, jambo sana. Niko natumia TFC yako mu sura ya pili. Mwalimu mwenye kuniongoza anasema ile ya ukurasa wa 31 iko na nguvu, lakini anataka nimuonyeshe imetoka wapi. Unaweza nisaidia?»

Nikavuta karatoni chini ya kitanda, nikatoa TFC, nikafungua ukurasa wa 31. Niliusoma nimesimama. Kisha nikaketi.

Nilikuwa nimeandika hivi kwa ufupi: kwamba lugha za Kisemiti za zamani zilikuwa na miisho mitatu ya majina, -u, -i na -a, kwamba Kiarabu kiliirithi, kwamba Kiswahili cha pwani kiliipokea na kuihifadhi, ushahidi ukiwa «kitabu» yenye -u, «habari» yenye -i, «dunia» yenye -a. Halafu nikapanda mlima: kwa kuwa siye watu wa Congo tunasema «buku» pahali pa «kitabu», na kwa kuwa tumeacha maneno mengi ya Kiarabu, basi Kiswahili chetu kimepoteza ile sarufi ya kale na kimebakia mabaki. Juri ilifurahi. Mmoja wao alisema hii njo inaitwa kazi ya kisayansi. Hakuna aliyeuliza swali hata moja kuhusu ukurasa huo. Pointi nilipata, nikanunulia watu soda.

Sasa ule ukurasa umeanza kuzaa. Dada huyu ameujengea sura nzima. Na hitimisho lake, amenitumia, linasema kwamba mtoto wa Uvira au wa Kindu anaongea «Kiswahili kilichokatwa mzizi». Mzizi wenyewe ni miye niliupanda, na haupo.

Bon. Tuanze na kitu chenyewe, maana nusu ya ukurasa wa 31 ni kweli, na hiyo nusu njo ilibeba uongo mgongoni.

Wale waliosoma Latin-Philo watakumbuka dominus, dominum, domini. Neno ni moja, bwana, lakini mwisho wake unasema bwana anafanya kazi gani ndani ya sentensi: ametenda, ametendewa, au kitu ni chake. Lugha za Kisemiti za zamani zilikuwa na mambo ya namna hiyo. Twende kwa Kiakadi, lugha ya Babeli na ya Waashuru, iliyoandikwa kwa mwandiko wa kabari juu ya vibao vya udongo. Mfalme akitenda ni sharrum. Mfalme akitendewa ni sharram. Kitu cha mfalme, au baada ya kihusishi, ni sharrim. Ile -m ya mwisho tuiache kidogo. Kazi inafanywa na vokali: u, a, i.

Ili uone kwamba si mapambo, tazama sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 kabla ya Kristo. Jiwe lenyewe jeusi, refu kuliko mtu, lilichimbuliwa Susa, nchi ya Irani, mwaka 1901 hadi 1902, na leo limesimama Louvre, kule Paris. Sheria ya kwanza inahusu mtu aliyemshitaki mwenzake kwamba ameua, halafu akashindwa kuthibitisha. Adhabu: mshitaki njo anauawa. Sasa angalia namna Kiakadi kinavyopanga maneno. Kitenzi kinakuja mwisho. Kwa hiyo mbele ya kitenzi kuko «mtu» mara mbili, wamefuatana: awilum, awilam. Neno lile lile. Yule mwenye -um ameshitaki, yule mwenye -am ameshitakiwa. Badilisha vokali hizo mbili na umebadilisha nani atakufa. Miye hii kitu ilinitisha niliposoma mara ya kwanza, na bado inanitisha. Ukitaka kumweleza mtoto juu ya nini sarufi ni jambo la maisha, anzia hapo.

Na udongo hauna utani na vokali. Mwandiko wa kabari unaandika silabi: lum iko na alama yake, lam yake, lim yake. Mwandishi hawezi kujificha nyuma ya konsonanti kama Mwebrania au Mwarabu anavyoweza. Njo maana Kiakadi kina thamani kubwa kwa watu wa fani hii.

Hiyo nusu ya ukweli nilikuwa nayo. Makosa yangu yalianza pale nilipovuka bahari.

Jaribio la kwanza, ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kulifanya na miye sikulifanya: chukua «kitabu» na uzungushe. Kitabu kimeanguka. Nimesoma kitabu. Jalada la kitabu. Katika sentensi ya kwanza kitabu kinatenda, katika ya pili kinatendewa, katika ya tatu jalada ni mali yake. Babeli ingedai miisho mitatu. Kiarabu cha vitabu kingesema al-kitabu, al-kitaba, al-kitabi. Kiswahili kimebakia pale pale, kitabu, kitabu, kitabu, kama mtu asiyesikia anaitwa. Kiswahili kinajua nani ametenda kwa njia nyingine kabisa: nafasi ya neno, na zile herufi zinazopanda juu ya kitenzi, ki- ya kimeanguka, ni- ya nimesoma. Hiyo ni Bantu, si Kisemiti. Mwisho usiobadilika hata kazi ikibadilika hauwezi kuwa alama ya kazi. Yaani nilisema taa ya njiani inaongoza magari wakati ilikuwa inawaka rangi moja mchana na usiku.

Sasa ile -u ilitoka wapi? Hapa njo nilipaswa kuchukua daftari na kuandika orodha pahali pa kuota. Nimeichukua sasa. Andikeni na ninyi: kitabu, adabu, sababu, hesabu, jawabu, dhahabu, karibu. Elimu, kalamu, salamu, haramu. Harufu, hofu, sharifu. Mnaona? Kila mara kabla ya -u kuko b, m au f. Ni konsonanti za midomo. Sasa upande wa pili: habari, safari, hatari, waziri. Baridi. Hadithi. Sahani, thamani. Akili, asali, mali. Samaki, rafiki, haki. Hapo midomo haigusani, na vokali ni -i. Kisha kuko kundi la tatu dogo: nuru, huru. Konsonanti ni r, ilipaswa kuwa -i, lakini ndani ya neno kuko u tayari, na u ikavuta u mwenzake. «Dunia» na wenzake, kama «faida» na «dakika», ni habari nyingine: Kiarabu chenyewe kinamaliza maneno hayo kwa -a, ni umbo la neno, si alama ya mtendwa.

Basi ni hiyo tu. Kiarabu kinaruhusu neno kuishia kwa konsonanti, na mtu wa kawaida wa sokoni au wa jahazini alikuwa anasema kitab, habar, bila mkia wowote, sawa na anavyosema leo. Mswahili hapendi neno liishie kwa konsonanti. Akaongeza vokali, na mdomo ukachagua vokali iliyo karibu: baada ya b, midomo iko tayari kwa u. Kuko yanayokataa kupanga mstari, kwa mfano «magharibi», yenye b na bado inaishia -i, na «sarufi» yenyewe. Lakini hata hayo hayaokoi ukurasa wa 31, maana magharibi ni magharibi ikiwa inatenda au inatendewa.

Kama bado una shaka, leta maneno ambayo hayajawahi kuona jangwa. Kiingereza kilitoa team, club, film. Kiswahili kikasema timu, klabu, filamu. M na b, mwisho -u. Kilitoa bus, bill, bank. Kiswahili kikasema basi, bili, benki. Kuna mtu atakayesimama mbele ya juri kusema kwamba «timu» imehifadhi alama ya mtenda ya Kiingereza cha kale? Hakuna. Lakini kwa «kitabu» tulisema, juu kitu kikitoka kwa Kiarabu tunakivalisha kilemba kwanza ndipo tukichunguze.

Nilipomwambia hayo rafiki yangu mmoja, tulisoma naye, akaruka upande wa pili wa barabara. «Mukubwa, basi ile kitu yote ni hadithi! Hakukuwa na miisho hata kwa Kiarabu. Ibrahim Anis alisema.» Na kweli alisema. Ibrahim Anis alikuwa mwanaisimu wa Misri, aliyezaliwa 1906 na kufariki 1977, mtu mkubwa katika fani yake, aliyesomea fonetiki London. Katika kitabu chake kuhusu siri za lugha kuko sura anayoiita hadithi ya i'rab, na «hadithi» hapo ni ya dharau. Hoja yake: zile vokali za mwisho hazikuwa na maana yoyote. Ziliwekwa kuunganisha neno na neno ili ulimi usikwame, na wanasarufi wa kale ndio walizipangia kazi za mtenda na mtendwa, wakajenga jumba juu yake. Hakuwa wa kwanza. Zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, Qutrub, mwanafunzi wa Sibawayhi, alikuwa amesema jambo karibu na hilo.

Siwezi kumcheka Anis. Aliuliza swali ambalo wengi waliogopa kuliuliza, na aliona kitu cha kweli: kwamba watu wa mitaani, kutoka Baghdad hadi Rabat, wanaelewana bila miisho hiyo. Lakini hoja yake inagonga ukuta, na ukuta ni wa udongo.

Fikiri tarehe. Sibawayhi na wenzake walifanya kazi Basra katika karne ya 8 baada ya Kristo. Kibao cha mwisho cha kabari chenye tarehe tunayoijua ni cha karne ya 1, cha mambo ya nyota. Baada ya hapo hakuna mtu duniani aliyeweza kusoma mwandiko huo. Wanasarufi wa Basra na Kufa walikaa Iraki, nchi ile ile ya vibao, na chini ya miguu yao kulikuwa na maelfu ya sharrum na sharram, wakiwa hawajui. Usomaji ulirudi katikati ya karne ya 19. Mwaka 1857, Royal Asiatic Society ya London iliwapa watu wanne maandishi mamoja ya mfalme wa Ashuru, kila mmoja kivyake: Rawlinson, Hincks, Oppert na Talbot. Walituma tafsiri zao katika bahasha zilizofungwa. Zilipofunguliwa, zilikubaliana katika mambo makubwa, na dunia ikakubali kwamba Kiakadi kinasomeka.

Na kilipoanza kusomeka, kulikuwa na nini ndani? Mtenda -u, mtendwa -a, umiliki -i. Kama Kiarabu cha wanasarufi. Si hivyo tu. Katika wingi, Kiakadi hakina miisho mitatu, kina miwili: -u ndefu kwa mtenda, -i ndefu kwa mengine yote. Kiarabu nacho, katika wingi wake wa kawaida, kina miwili: -una kwa mtenda, -ina kwa mengine yote. Mtu anayebuni jumba kichwani angebuni matatu kwa matatu, yalingane. Hakuna sababu ya kubuni hitilafu, na zaidi kubuni hitilafu ile ile iliyozikwa ardhini na ambayo hujawahi kuiona. Kitu kama hicho kinarithiwa tu. Wanasarufi wa Basra huenda walinyoosha na kupanga kupita kiasi, hilo nakubali. Kubuni, hapana.

Shahidi wa pili yuko Ugarit, mji wa pwani ya Syria ulioangamia mwanzoni mwa karne ya 12 kabla ya Kristo. Mwaka 1928 mkulima aligonga kaburi la mawe akilima. Mwaka uliofuata Wafaransa chini ya Claude Schaeffer wakaanza kuchimba kilima cha Ras Shamra, wakakuta vibao vyenye mwandiko wa kabari lakini wa alfabeti, herufi 30. Kufikia 1930 walikuwa wameufungua: Bauer Mjerumani, Dhorme na Virolleaud Wafaransa. Alfabeti hiyo haiandiki vokali. Kwa kawaida hapo mlango unafungwa. Lakini waandishi wa Ugarit walikuwa na ajabu yao moja: ile sauti ya kukata koo, alefu, walikuwa nayo tatu, moja ya a, moja ya i, moja ya u. Sasa neno lao la kiti cha enzi linaishia kwa alefu. Na kweli, kwenye vibao unalikuta limeandikwa kwa njia tatu, ksu, ksi, ksa, kufuatana na kazi yake. Ni kama nyumba yenye madirisha yote yaliyofungwa isipokuwa moja dogo, unachungulia, na ndani taa inawaka.

Ugarit ilinifundisha jambo lingine, na hili liwaguse wale wanaosoma Biblia katika Kiebrania. Kiebrania kiliangusha vokali fupi za mwisho, na miisho ya kazi ikaondoka nazo. Lakini kilibakia na kimkia kimoja, -a isiyo na mkazo, kinachosema «kuelekea»: neno nyumba likipata mkia huo linakuwa «kuelekea nyumba», Misri inakuwa «kuelekea Misri». Kwa miaka mingi wataalamu wengi walisema: hiyo -a ni mabaki ya -a ya mtendwa. Inapendeza, si kweli? Sauti inalingana, maana inakaribia. Kisha Ugarit ikaonekana, na huko mkia wa «kuelekea» umeandikwa kwa herufi h, konsonanti kamili. Vokali ya mtendwa haikuwa na h. Kwa hiyo mkia ule ni kitu kingine, kiambishi chenye asili yake. Wataalamu wakubwa walifanya kosa la aina ya ukurasa wangu wa 31: waliona vokali inayofanana, wakasema ni ndugu. Tofauti ni kwamba wao walipoonyeshwa h, walisahihisha.

Hapo kuko kitu cha kwetu pia. Kiswahili cha shule kinasema nyumbani, sokoni, kwa mkia -ni. Siye mitaani tunasema ku nyumba, ku soko, mu nyumba. Mkia tumeuacha, tukaleta kidogo cha mbele. Babeli nayo ilipitia jambo la jamaa hiyo: -m ya mwisho ilianguka, vokali zikaanza kuchanganyika, na mwishoni waandishi wanaweka -u pale mababu zao wangeweka -a, huku mpangilio wa maneno na vihusishi vikibeba mzigo. Hakuna anayesema Nebukadreza alikuwa anaongea Kiakadi «kilichokatwa mzizi». Wanasema lugha ilibadilika.

Narudi kwa Anis, maana hapa kuko kichekesho ambacho nimekifurahia wiki nzima. Alipotafuta kueleza ni nini kinachochagua vokali ya mwisho kama si maana, alisema: ni jirani. Konsonanti nyingine zinapenda vokali fulani, na vokali zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Kwa Kiarabu cha kale maelezo hayo hayatoshi. Lakini soma tena orodha yangu ya kitabu, habari na nuru. Konsonanti inachagua, vokali zinavutana. Anis alieleza Kiswahili barabara, bila kujua, akidhani anaeleza Kiarabu. Na miye nilieleza Kiarabu nikidhani naeleza Kiswahili. Tungekutana tungebadilishana karatasi.

Je, basi hakuna hata chembe ya miisho hiyo iliyofika kwetu? Ipo, na hili njo linaniuma, juu lilikuwa mbele ya macho nikalipita. Mtu wa Kasongo au wa Kindu akikusalimia «assalamu alaikum», ile -u ya assalamu ni ya kweli, ni ya mtenda, imesafiri nzima ndani ya sentensi ya Kiarabu. Lakini -u ya «salamu» katika «nakuletea salamu» imetengenezwa hapa, ni m iliyoiomba. Sauti moja, maneno mawili ya jamaa moja, asili mbili. «Bismillahi» ina -i ya baada ya kihusishi, katikati pale, ismi. Jina Abdul limebeba -u ya mtenda ikiwa imegandana na al- ya jina linalofuata. Abubakari naye, kwa abu. Unaweza kumwita Abdul, kumpiga Abdul, kuchukua baiskeli ya Abdul, -u haitikisiki, imeganda kama mdudu ndani ya utomvu.

Na kuko «takribani», «mathalani», «abadani», ambazo huku kwetu tunazisikia zaidi kwa watangazaji wa redio kuliko sokoni. Hizo zimetoka kwa taqriban, mathalan, abadan, na ile -an ni mwisho wa mtendwa ambao Kiarabu kinautumia kutengeneza namna na wakati. Mswahili alilipokea likiwa na mkia wake, akaona linaishia n, akaongeza -i juu ya mkia. Mkia juu ya mkia! Hapo njo mahali sahihi pa kutafuta Babeli ndani ya Kiswahili: ndani ya sala, ndani ya majina ya watu, ndani ya maneno matatu manne yaliyoganda. Ningeandika hivyo kwenye ukurasa wa 31, ungekuwa ukurasa mdogo lakini ungesimama.

Kuna moja zaidi, na nikimaliza hii nawaacha. Wanasarufi wa Kiarabu waliita miisho hiyo i'rab. Kiswahili kimelichukua neno hilo hilo: irabu. Shuleni irabu ni a, e, i, o, u, vokali tu, bila kazi yoyote ya mtenda au mtendwa. Neno liliingia, kazi ilibakia mlangoni. Na limeishia kwa -u kwa sababu gani? Kwa sababu ya b. Jibu lote la TFC yangu lilikuwa ndani ya neno nililoliandika mara 40 hivi ndani ya hiyo TFC.

Kuhusu «buku». Niliitaja kama ushahidi wa kuharibika. Nimeipima kwa kipimo kile kile: neno la kigeni lililoishia kwa k, ndani yake kuko u, ikavuta u. Buku imepita karakana moja na kitabu, mikono ile ile, fundi yule yule. Anayesema kitabu hana mzizi wa Babeli ambao anayesema buku hana. Wote wawili walichukua neno la mgeni na kuliongezea vokali ili litoke mdomoni vizuri. Kama mtu anataka kutuambia Kiswahili chetu ni cha chini, atafute sababu nyingine, na alete orodha.

Nilimwandikia dada yule yote haya, kwa kirefu zaidi na kwa aibu zaidi. Sura ya pili anaiandika upya. Kutetea ni mwezi ujao, na usingizi nimemuharibia. Maktaba niliyowekea TFC niliiomba waingize karatasi ya masahihisho ndani ya nakala yangu. Waliniambia hakuna utaratibu wa kitu kama hicho. Nikaomba kuisoma TFC yangu mwenyewe pale pale mezani, wakanipa, nikaibandika karatasi kwenye ukurasa wa 31 kwa gundi, nikaiacha wazi hadi ikauka.

Jana usiku ujumbe wake umeingia, mstari mmoja: «Yaya, sawa, nimeelewa yote. Lakini na magharibi?»